Herufi Pana na P ya Nukta Tatu

Kiswahili chetu cha leo kilipita kwenye kompyuta bila kulipa kiingilio. ASCII ya mwaka 1963 ilikuwa na nafasi 128 tu, na sisi tukaenea humo, hata na ng' yetu. Ila tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ile p ya nukta tatu chini haikuwa na pa kukaa.

Lugha ya C ilijaribu. Kiwango chake cha 1989 kilileta wchar_t, herufi pana, na marekebisho ya 1995 yakaongeza wcslen, wcscpy na ndugu zao. Lakini pana kiasi gani? Hawakusema! Windows ikashika biti 16, Linux 32. Unicode ya 1991 nayo ilidhani nafasi 65,536 zinaitosha dunia. Mwaka 1996 ikabidi ipanuliwe, na waliokuwa na biti 16 wakaanza kuzikata herufi nyingine vipande viwili.

Mimi niko upande wa Ken Thompson. Septemba 1992, mgahawani New Jersey, akiwa na Rob Pike, aliichora UTF-8 juu ya kikeka cha karatasi: ASCII baiti moja, Kiarabu mbili. Ndiyo, strlen inahesabu baiti, si herufi, na ukikata ovyo unavuna takataka. Lakini ile p sasa inakaa faili moja na p yetu ya Kilatini.