Mpini na Kitako: Silaha Katika Nchi ya Garissa

Kabla bunduki hazijaenea katika eneo, Garissa ikiwemo, ambalo Waingereza waliliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, silaha za Wasomali zilitoka mikononi mwa Watumal, yaani tabaka la wahunzi ambalo wafugaji walilitegemea kwa mikuki na visu, lakini wakakataa kuoana nalo, dhuluma ambayo uzuri wa kazi hiyo haupaswi kuificha. Ustadi wao ulidhihirika hasa katika billaawe, jambia lenye makali pande mbili, ambalo mpini wake ulichongwa kwa pembe na mara nyingi ukapambwa kwa madini meupe. Bunduki zilizoingia Pembe ya Afrika kupitia Djibouti mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye zile za Lee-Enfield walizobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, zilikuja na uamuzi uliokwisha kufanywa kiwandani: kitako, yaani sehemu ya mbao inayoegemezwa begani, kwa kawaida kilikuwa cha mti wa mjozi, na chuma kilitiwa weusi ili kisishike kutu wala kumetameta juani. Mhunzi, aliyezoea kuchagua pembe mwenyewe, hakuulizwa.