Usicheke Sweta ya Shule
Nasomea fashoni, na siku hizi nafuma sweta kwa mashine. Mabeshte wananiuliza, "Kwani unatengeneza yunifomu?" Ndiyo, na sioni aibu.

Mashine ya kufuma ilibuniwa na William Lee, Uingereza, mwaka 1589. Ilifuma soksi. Mwaka 1811 mafundi wa Nottingham wakaanza kuzivunja. Si eti walichukia mashine. Wao wenyewe walizitumia. Walichokataa ni malipo duni na soksi za ovyo. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria: ukivunja, unaweza kunyongwa.

Yule mama wa mtaani anayefuma sweta za shule ndiye amenifundisha kupanga mistari. Kazi yake ni disaini. Siku nyingine ukitaka akupunguzie bei, kumbuka Nottingham.