Tanbihi ya Stokes iliyonisuta

MWEZI jana mwanafunzi mmoja wa kemia aliniletea ikisiri ya tasnifu yake niipitie Kiswahili chake. Mada yake ilikuwa umbo la molekuli za wanga ndani ya kiyeyusho, linavyochunguzwa kwa floresensi. Neno hilo la mwisho nililikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika ‘mng’ao’. Nikajiona nimetenda haki. Kijana akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, kwani sufuria si nayo ina mng’ao?”

Sikuwa na jibu. Ikabidi nichimbe.

Hebu tuanze na wanga wenyewe (huu wa chakula, si wale wa ngeli ya A-WA wanaosemekana kucheza uchi usiku). Mnamo 1814, Wafaransa Colin na Gaultier de Claubry waliripoti kwamba ayodini ikikutana na wanga hutokea rangi ya samawati iliyokoza. Sisi sote tuliosoma sayansi tumewahi kudondoshea kipande cha kiazi ayodini. Lakini kwa nini samawati? Hapo pana kisa cha zaidi ya miaka mia. Mnamo 1937 Charles Hanes alipendekeza kuwa mnyororo wa wanga hujiviringa kama springi ya kalamu. Miaka miwili baadaye Karl Freudenberg na wenzake wakasema ayodini huingia katika tundu la springi hiyo. Mnamo 1943 Rundle na wenzake wakaleta ushahidi wa eksirei: glukosi sita kwa kila mzunguko. Wakati huo Kurt Meyer alikuwa amekwisha kuutenganisha wanga: amilosi, ambayo karibu haina matawi, na amilopektini, ambayo ni matawi matupu.

Sasa, eksirei hupenda kitu kilichotulia, kilichojipanga. Mnyororo uliomo ndani ya kiyeyusho hautulii. Isitoshe, amilosi haikai vyema majini. Minyororo hushikamana, na ndiyo sababu mojawapo ya kiporo cha ugali kuwa kigumu. Watafiti hutumia viyeyusho vingine, kisha huhitaji kitu cha kuwapasha habari kutoka ndani.

Kitu hicho ni pireni. Mnamo 1954 Förster na Kasper walieleza kwamba pireni ikiwa chache hutoa nuru iliyo karibu na urujuani, lakini ikiwa nyingi, molekuli iliyosisimka ikakutana na mwenzake, nuru hugeuka samawati-kijani. Katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, Jean Duhamel na wenzake huzifunga pireni kwenye minyororo ya wanga, wakaumulika kwa urujuanimno na kupima jinsi zinavyokutana upesi. Mnyororo ulionyooka huziweka mbali. Uliojiviringa, au wenye matawi yaliyosongamana, huzikutanisha haraka. Rangi, basi, ndiyo inayosimulia umbo.

Na neno je? Mnamo 1852 George Gabriel Stokes, wa Cambridge, alichunguza kwinini iliyoyeyushwa, akaona inapokea miali tusiyoiona na kutoa samawati. Mwanzoni alitumia jina lililoifanya kuwa aina ya uakisi. Halikumridhisha. Katika tanbihi ya makala yake akaunda jina jipya kutokana na jiwe la floraiti, lenye tabia hiyohiyo, akifuata mfano wa jina lililotokana na jiwe la opali.

Tanbihi hiyo, bwana wee, ilinivua nguo! Sufuria hurudisha nuru iliyoipiga. Pireni humeza nuru hiyo kisha ikatoa yake, ya rangi nyingine. Kwa kuandika ‘mng’ao’ nilikuwa nimeurejesha uakisi ambao Stokes mwenyewe aliukimbia. Mimi ni mpenzi wa maneno ya Kibantu, lakini si kwa gharama hiyo.

Nikamrudishia kijana floresensi yake, na kumwomba aongeze sentensi moja ya kuifafanua. Kalamu nyekundu ilibakiwa na kazi moja tu. Alikuwa ameandika: “wanga wanajiviringa”.