Sona: Jua, Mwezi na Njia ya Kwenda kwa Mungu

Mchoro mmoja wa mchangani huitwa lusona. Ikiwa mingi huitwa sona. Ni sanaa ya Wachokwe na majirani zao wa Angola, Zambia na mkoa wa Lualaba nchini Kongo.

Fundi husawazisha mchanga kwa kiganja, hutia vitone kwa ncha za vidole kwa nafasi zilizo sawa, kisha huzungusha mstari kati ya vitone hivyo huku akisimulia. Katika michoro mingi mstari ni mmoja, nao haukatiki. Akisita njiani, wazee hujua papo hapo kwamba bado hajaiva.

Tazama mfano wa lusona: juu ni Mungu, chini ni binadamu, ubavuni jua na mwezi. Hadithi yake ni hii. Jua lilikwenda kwa Mungu likapewa jogoo. Alfajiri jogoo akawika, Mungu akaliamuru lichomoze kila siku. Mwezi nao ukapewa jogoo, ukaambiwa urudi kila baada ya siku 28. Binadamu alipewa wake, lakini kwa njaa ya safari akamla. Asubuhi hakukuwa na mlio, naye akaamriwa afe, na akifa arudi kwa Mungu. Hadithi ya mzunguko wa jua na wa mwezi imo ndani ya mstari huu.

Upepo hufuta kila lusona, hivyo hifadhi yake ya kweli ni kichwa cha mtu. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza sona za Angola katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayezijua, mwombe akufundishe.