Kisu au Meno ya Fisi?

Mwili ukiokotwa porini baada ya siku kadhaa, iwe upande wa Berega kaskazini mwa Kilosa au jirani na Hifadhi ya Mikumi, ndugu hutaka kujua jambo moja kwanza: ameuawa na mtu, au ameliwa na mnyama? Mara nyingi anayeulizwa ni daktari wa hospitali iliyo karibu, kama ile ya Kanisa Anglikana pale Berega, naye joto, nzi na fisi wamekwisha kumtangulia.

Mwaka 1247 hakimu wa Kichina, Song Ci, aliandika kitabu cha kuwaelekeza wenzake namna ya kukagua maiti. Humo mna kisa cha mtu aliyekatwa kwa mundu. Wanakijiji waliamriwa kulaza miundu yao juani, na nzi wakajazana kwenye mmoja tu, uliokuwa na mabaki ya damu. Hao nzi waliomfichua muuaji ndio pia wanaoharibu ushahidi. Hutaga mayai penye uwazi, na jeraha ni uwazi. Mabuu wakianza kula, kingo zilizonyooka za mkato hulegea na kuchimbika hadi zikafanana na mahali palipotafunwa. Gesi huvimbisha mwili, ngozi ya juu huchubuka, na damu iliyovilia kandokando ya jeraha, inayoonyesha kwamba mtu alikatwa akiwa hai, humezwa na weusi wa uozo.

Hata ngozi ambayo haijaoza hupotosha. Mwaka 1861 Karl Langer wa Vienna alichoma maiti kwa chuma cha mviringo chenye ncha. Matundu yakajivuta yakawa mipasuko myembamba, kama ya kisu. Ndiyo maana wachunguzi hupenda gegedu za mbavu. Huchelewa kuoza kuliko nyama, na kisu kikizipita huacha mistari midogo inayoweza kuchukuliwa nakala kwa silikoni, kisha ikalinganishwa kwa darubini na kisu kinachoshukiwa. Lakini gegedu nayo ikikauka husinyaa, na mistari hupotea. Baada ya hapo hubaki mfupa.

Afrika Mashariki iliujua kwa uchungu ugumu huu wa kutofautisha kisu na meno katika Maasai Mara. Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28, alipotea Septemba 1988. Baada ya takriban wiki moja baba yake, John Ward, na waliomsaidia kutafuta walikuta sehemu ya mguu wa kushoto, kipande cha taya na majivu ya moto. Polisi walisema ameliwa na wanyama. Daktari wa polisi jijini Nairobi, Adel Shaker, aliuchunguza mguu akaandika kwamba ulikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ilipotoka, maneno yake yalikuwa yamebadilishwa: palipokatwa sasa pamechanika. Aliyeyabadilisha alikuwa mwanapatholojia mkuu wa serikali, Jason Kaviti.

Kwangu hili ndilo zito kuliko yote katika kisa kizima. Jua la Mara, tai na fisi havikuweza kuifuta alama ile kwa siku zote hizo, ikaja kufutwa ofisini kwa mashine ya chapa. Bahati njema mguu wenyewe ulikuwapo bado. Profesa Austin Gresham wa Cambridge aliuangalia upya, naye akaona mkato wa chombo chenye makali. Mwaka 1989 hakimu Joseph Mango, aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho jijini Nairobi, aliamua kwamba kulikuwa na mkono wa mtu. Mwaka 1991 John Ward alichapisha kitabu ambacho jina lake tu linawaondolea wanyama hatia.

Kuthibitisha kisu hakukuleta aliyekishika. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa, wakaachiwa mwaka 1992. Mtu wa tatu aliachiwa mwaka 1999. John Ward alifariki mwaka 2023, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kifo cha binti yake.