Uvunaji wa Maelezo ya Maktaba na Msimbo wa Kiswahili
Mkutano wa Santa Fe, Marekani, wa Oktoba 1999 ndio uliozaa utaratibu wa OAI-PMH, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2002. Kwa utaratibu huo, maktaba ya kidijitali huvuna maelezo ya machapisho kutoka hifadhi nyingine. Mvunaji huuliza tu yaliyobadilika tangu tarehe fulani. Rekodi ikisahihishwa bila tarehe yake kubadilika, kosa huendelea kuishi ugenini. Kwetu sisi lililo zito zaidi ni la lugha. Dublin Core, iliyoasisiwa mwaka 1995, haikulazimisha msimbo mmoja. Basi huyu huandika “sw”, yule “swa”, mwingine “Kiswahili”, na atafutaye kwa msimbo mmoja hukosa tasnifu nyingine. Yafaa misimbo isahihishwe kwenye chanzo, kisha tarehe zihuishwe ili rekodi zivunwe upya.