Mkoba wa Kazi: Istilahi na Amana Yake

Kijana wa Moa, katika Wilaya ya Mkinga, kaskazini ya mji wa Tanga na karibu na mpaka wa Kenya, ambaye amekwenda Dar es Salaam kusomea uandaaji wa programu za kompyuta, aweza kufika mwaka wake wa mwisho akiwa na matokeo mema, kisha akaulizwa na mwajiri swali ambalo karatasi ya matokeo haina uwezo wa kulijibu: umetengeneza nini, nacho kiko wapi tukione? Kinachotakiwa na swali hilo ndicho wenzake chuoni wakiitacho potifolio, nayo ni istilahi ambayo, madhali haijatulia katika Kiswahili, yastahili kupimwa kwa makini.

Asili yake ni Kitaliani, ambako kitenzi cha kuchukua kiliungwa na jina la karatasi, likapatikana neno portafoglio, yaani kichukulio cha karatasi. Waingereza walipolipokea, mchoraji alilitumia kwa mfuko wa picha zake, waziri kwa madaraka ya wizara yake, na mwenye mali kwa jumla ya hisa na hati alizowekeza. Kwa mwandaaji wa programu, kichukulio hicho sasa ni tovuti, au hazina ya misimbo iliyo wazi mtandaoni; na maana yake, tukiifafanua kwa ukamilifu, ni mkusanyo wa kazi alizozitenda mtu mwenyewe, zilizochaguliwa kwa hiari yake, zikafuatana na maelezo yanayomwezesha mgeni kuzijaribu na kuzipima.

Tafsiri zinazoshindania maana hiyo ni kadhaa. Mashine za kutafsiri zimezoea kuandika “kwingineko”, neno fasaha la Kiswahili, lakini ni kielezi cha mahali, wala halina nasaba yoyote na kazi ya mtu au chombo cha kuichukulia, hata msomaji alikutaye juu ya tovuti ya kijana hudhani kuwa anaambiwa aende mahali pengine. “Kabrasha” lina heshima yake, ila limekwisha kuzoewa kwa nyaraka za mikutano. “Jalada” limekaribia zaidi, na katika habari za uwekezaji laweza kuachwa liendelee. Lakini jalada la ofisini au la polisi hufunguliwa na mwenye mamlaka juu ya mtu, ilhali hiki tunachokitafutia jina hufunguliwa na mtu mwenyewe juu ya kazi yake. Ama “wasifu”, huo ni maelezo ya mtu kwa maneno, nao hudai. Tunachokitaka sisi ni kile kinachothibitisha madai hayo.

Kwa hoja hizo napendelea “mkoba wa kazi”. Fundi wa vyombo katika pwani yetu, atokapo nyumbani kwenda kuunda mashua, huchukua mkobani tezo, patasi na keekee. Na lugha imelikuza neno hilo hata tukasema kwamba fulani amerithi mikoba au ameachiwa mikoba ya mwenziwe, tusikusudie ngozi wala ukili, bali ujuzi, madaraka na imani ya watu. Huenda mtu akapinga kwamba mkoba wa fundi hubeba zana, wala haubebi kazi iliyokwisha. Pingamizi hiyo ni ya haki, na jawabu lake limo katika neno la pili: kusema “wa kazi” ni kutaja kilichomo, kama vile kusema mkoba wa vitabu, na neno la kwanza likabaki na sifa yake ya kumaanisha kwamba mwenye kuuchukua ndiye mwenye ufundi.

Istilahi ikiisha kufahamika hivi, humfunza kijana namna ya kuujaza mkoba wake. Tuseme ameandaa programu ya kuandikia samaki wanaofikishwa dikoni: aina yake, kama ni changu, tasi au nguru, uzito, bei ya mnadani, na kama siku hiyo ni ya bamvua au ya maji mafu. Kazi hiyo moja, ikiwa yafanya kazi hata intaneti inapokatika, na ikiwa ina ukurasa wa maelezo unaosema ni tatizo gani lililokusudiwa, ni njia zipi zilizofikiriwa, na ni upungufu gani uliosalia, itamtetea kuliko mazoezi mengi yaliyonakiliwa darasani. Mfumo wa Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko la msimbo lililowekwa humo pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Kwa hiyo mwajiri huweza kuona kazi iliyokamilika, na pia mwendo wa akili ya mtu aliyekosea, akatambua, akasahihisha.

Hapa ndipo penye amana. Kazi iliyotendwa na wanafunzi wanne haifai kuwekwa mkobani kana kwamba ni ya mmoja. Na isemwe wazi ni sehemu ipi iliyo ya mwenye mkoba, na ni ipi aliyoiazima kwa idhini ya leseni yake. Kadhalika majina na namba za simu za wavuvi walioijaribu programu ile yasionyeshwe hadharani, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu, na hata kabla ya sheria, staha ilikwisha kukataza. Mifano iliyobuniwa yatosha kuonyesha ufundi.

Haya hayakipunguzii cheti hadhi yake. Aombaye kazi serikalini kwa njia ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutakiwa kuwasilisha vyeti, na ni haki, kwa kuwa cheti ni ushahidi wa walimu juu ya mwanafunzi. Mkoba wa kazi ni ushahidi wa kazi yenyewe, na kijana aliye na vyote viwili amejitayarisha vyema zaidi.

Kiswahili hakishindwi na fani hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili, na ilibidi maneno mengi ya kompyuta yatafutiwe majina. Basi vyuo viandike “mkoba wa kazi” katika mihutasari yao, waajiri waandike hivyo katika matangazo yao, na kijana wa Moa aliandike jina hilo juu ya tovuti yake kwa lugha aliyozaliwa nayo, akijua kwamba kwa neno hilo ameahidi kuwa kila kilichomo ni chake, na kwamba yu tayari kuulizwa.